Kahawa na Vidonge vya Damu

Kahawa ni zao letu la heshima, kutoka Kagera hata Kilimanjaro, hatuilaumu. Lakini mama mjamzito apewaye vidonge vya madini ya chuma kliniki, akaviteremsha kwa kahawa, amejipunja. Polifenoli zilizomo katika kahawa huyakamata madini hayo tumboni yasiingie damuni.

Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1983 ulionyesha kuwa kikombe kimoja, kikinywewa pamoja na chakula, kilipunguza chuma kilichoingia mwilini kwa asilimia 39. Kilichonywewa saa moja kabla hakikudhuru. Saa moja baadaye kilidhuru vile vile. Chai nayo huzuia.

Basi vidonge vimezwe kwa maji, kahawa ingoje saa mbili. Mama aliyepungukiwa damu huenda kujifungua hatarini. Kila mume na amkumbushe mkewe.