Gerbera Haifi kwa Kiu

Gerbera nyingi za chungu zinazonunuliwa Johannesburg mwezi wa Oktoba hazifiki Machi. Majani hulegea kana kwamba yana kiu, mwenyewe anaongeza maji, kesho yake anaongeza tena, kisha mmea mzima unang'oka mkononi. Ukiugeuza utaona chini ni peusi na panateleza. Maji yamezidi unga: kitovu kimeoza.

Kitovu ni pale majani yote yanapoanzia, juu tu ya mizizi. Gerbera haina shina la kusimama. Majani mapya na vikonyo vya maua huchipuka hapo hapo. Pakioza hapo, hakuna pengine pa kuanzia.

Ukitaka kujua kwa nini inaogopa maji hivyo, tazama kwao. Gerbera, mmea wa jamii ya alizeti, huota yenyewe kwenye miteremko ya nyasi na mawe upande wa Barberton, kilomita 350 hivi mashariki ya Johannesburg. Mvua ya kiangazi ikinyesha hupita mawe ikaenda zake, na majira ya baridi ni makavu. Robert Jameson, aliyefika huko enzi za mbio za dhahabu katika miaka ya 1880, ndiye aliyeifikisha kwa wataalamu, na mwaka 1889 ilichapishwa Uingereza kwa jina la Gerbera jamesonii. Katika miaka ya 1890, Richard Lynch wa bustani ya mimea ya Cambridge aliichanganya na Gerbera viridifolia, ndugu yake asiyevuma anayepatikana hadi Afrika Mashariki. Rangi nyingi tunazoziona leo kwenye mnada wa maua wa Multiflora, City Deep, ni uzao wa machotara.

Kwa hiyo udongo uwe wa kupitisha maji: changanya mboji na mchanga mnene au changarawe laini. Unapopanda, acha kitovu kichungulie juu ya udongo kwa upana wa kidole. Maji ya mvua yakishindilia udongo, mche utashuka wenyewe kidogo. Mwagilia asubuhi, kandokando ya mmea, baada ya kuchomeka kidole na kuona udongo wa juu umekauka. Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi udongo umekosa uchachu wa kutosha na mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma.

Johannesburg ina jambo moja ambalo Barberton haina kwa kiasi hicho: sakitu. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti umande huganda alfajiri. Panda karibu na ukuta unaotazama kaskazini, unaopigwa na jua la majira hayo, funika mizizi kwa nyasi kavu bila kugusa kitovu, na punguza maji. Majani yakiungua usikate tamaa. Mizizi iliyo mikavu huchipua tena Septemba.

Septemba ndiyo pia wakati wa kugawa mmea uliosongamana, kila kipande kibaki na mizizi na majani yake. Mbegu hazitakupa rangi ile ile. Chomoa kile kinachoitwa petali na utaona chini yake kifuko kidogo cha mbegu: hilo ni ua la kike peke yake, na katikati ya duara yamejazana mengine madogo. Kila mbegu hapo inaweza kuwa na baba yake.

Ukitaka maua ya mezani, usitumie kisu. Shika kikonyo chini kabisa, kizungushe na ukivute king'oke chote, kwa sababu kisiki kinachobaki huoza na kuambukiza kitovu. Kwenye chombo, tia maji ya vidole viwili vitatu tu. Kikonyo chenye vinyweleo kikizama sana huoza vile vile, hata kikiwa kimeshaachana na mama yake.