Barafu ya Kilimanjaro Iliyopitisha Tarehe Yake

Oktoba 2002 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu barafu ya Kilimanjaro. Mtafiti mkuu alikuwa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Miaka miwili kabla, yeye na wenzake walipanda hadi kileleni, wakaichimba barafu kwa mitambo na kushuka na nguzo sita ambazo tabaka lake la chini kabisa walilikadiria kuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Wakalinganisha pia ramani za zamani na picha mpya. Mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2000 hazikufika hata tatu. Ukichora mstari kupitia vipimo hivyo na kuuendeleza mbele, unagusa sifuri kati ya 2015 na 2020. Thompson aliziandika tarehe hizo, lakini kwa sharti: iwapo hali itaendelea kama ilivyokuwa.

Sharti hilo halikusafiri mbali. Magazeti yalibeba mwaka, yakaacha neno "iwapo". Mwaka 2006 filamu ya Al Gore, *An Inconvenient Truth*, iliutangazia ulimwengu kwamba ndani ya muongo mmoja theluji ya Kilimanjaro ingekwisha. Hapa kwetu habari hiyo ilipokelewa kwa uzito wake wote, maana mlima ni wetu na watalii wake ni riziki ya watu.

Miaka yote hiyo imepita, na anayefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, bado anaiona barafu. Imepungua sana, imechanikachanika, lakini ipo. Ndipo wanapopata neno la kusema wale wasiotaka kusikia habari ya mabadiliko ya tabianchi: si mlituambia itakwisha?

Binafsi sina shaka kwamba dunia inapata joto na kwamba binadamu ndiye chanzo kikuu. Shaka yangu iko kwenye safari ya habari kutoka maabara hadi ukurasa wa gazeti, na kisa cha Kilimanjaro kinafaa kuichungulia safari hiyo kwa sababu iliharibika pande zote mbili.

Tuanze na mlima wenyewe. Mwandishi aliyesoma kwamba dunia inapata joto na barafu inapungua huunganisha mambo hayo mawili moja kwa moja: joto limepanda, barafu inayeyuka. Lakini kule juu wastani wa joto ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya barafu inayopotea kileleni haitiririki kama maji. Jua kali la ikweta na hewa kavu huigeuza kuwa mvuke moja kwa moja, kama nguo iliyoganda inavyokauka kambani pasipo kudondosha tone. Kazi hiyo hula nishati nyingi, zaidi ya mara nane ya ile inayohitajika kuyeyusha barafu ya uzito uleule, na ndiyo maana barafu ya mahali pakavu na penye baridi inaweza kudumu muda mrefu.

Kinachoamua hatima yake, basi, ni theluji mpya. Theluji ikianguka, weupe wake hurudisha miale ya jua angani. Isipoanguka, barafu kuukuu yenye vumbi hubaki uchi na kulinywa jua siku nzima. Mwaka 2004 Georg Kaser wa Innsbruck na wenzake, akiwemo Mtanzania Tharsis Hyera, walieleza kwamba hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka ghafla kuelekea mwisho wa karne ya 19, na kwamba kusinyaa kwa barafu kulianza wakati huo, kabla moshi wa viwanda haujawa na nguvu ulizo nazo leo. Mvua zetu hutegemea sana Bahari ya Hindi. Bahari hiyo inazidi kupata joto, kwa hiyo mkono wa binadamu huenda umo katika kisa hiki, ila umepitia baharini na mawinguni. Thompson naye hakunyamaza. Mwaka 2009 alirudi na hoja kwamba tabaka la juu la barafu lina dalili za kuyeyuka ambazo hazionekani kwenye matabaka ya chini yake.

Huo ni ubishi wa kisayansi wenye afya. Hakuna kati yao aliyesema dunia haipati joto.

Sasa tazama upande wa pili ulivyoutumia. Mwaka 2007 Kaser na Philip Mote waliandika kwamba Kilimanjaro ni mfano mbaya wa kuonyesha ongezeko la joto duniani. Katika makala hiyohiyo wakasema barafu za milima mingine mingi, hasa nje ya tropiki, ni mfano mzuri. Nusu ya kwanza ya hoja ilienea upesi kuliko ya pili. Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya London iliamua kesi kuhusu kuonyeshwa kwa filamu ya Gore shuleni. Jaji Michael Burton aliorodhesha "makosa" tisa, Kilimanjaro likiwa mojawapo, na alama hizo za kunukuu aliziweka mwenyewe. Aliruhusu filamu ionyeshwe pamoja na maelezo ya kuwaongoza walimu, na akakubali kwamba kwa jumla imejengwa juu ya sayansi. Vichwa vya habari vilishika yale tisa.

Ni rahisi kuwabebesha waandishi lawama zote, na wengine wanastahili. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha uchunguzi wa taarifa 462 ambazo vyuo vikuu vya Uingereza vilivipa vyombo vya habari kuhusu tafiti za afya. Asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi kuliko utafiti wenyewe, na chumvi iliyoonekana magazetini mara nyingi ilikuwa imeanzia humo. Ilikuwa afya, si tabianchi, ila sioni sababu ya kudhani ofisi za uhusiano za vyuo hubadilika somo linapobadilika. Baada ya hapo habari hupita shirika la habari la kimataifa, kisha mezani kwa mhariri wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye dakika ishirini za kutafsiri. Katika dakika hizo, makadirio ni ya kwanza kutupwa.

Makadirio ya sasa, kwa anayetaka kuyafuatilia: mwaka 2013 Nicolas Cullen na wenzake walipima upya picha za karne nzima, wakakuta zimebaki kilomita za mraba 1.76 mwaka 2011. Wakasema huenda sehemu kubwa ikatoweka kufikia 2040, na hawatarajii chochote kubaki baada ya 2060. Novemba 2022 UNESCO ilitaja 2050. Tarehe zinapishana kwa sababu njia za kukadiria zinatofautiana, jambo ambalo lingetosha sentensi moja gazetini.

Kuna dai lingine linalogusa watu wengi zaidi, nalo hurudiwa bila kuulizwa: kwamba barafu ikiisha, mito ya Moshi itakauka. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kulisha mito. Maji ya chemchemi hutoka hasa kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu unaouzunguka mlima, ule ambao mioto ya nyanda za juu imekuwa ikiusukuma kuteremka, kama mtafiti wa mimea Andreas Hemp alivyoonyesha kwa miaka mingi. Moto wa Oktoba 2020 uliripotiwa dunia nzima kwa siku kadhaa, moshi wake ukipigwa picha kutoka mbali. Ulipozimwa, habari za Kilimanjaro zikarudi kwenye barafu.