Mashine Iliposimama: Hadithi ya 1909 inayomgusa mfanyabiashara wa mpakani

MWAKA 1909, wakati televisheni na kompyuta hazijajulikana, mwandishi Mwingereza E. M. Forster alichapisha hadithi fupi iitwayo "The Machine Stops", yaani Mashine Yasimama. Ukiisoma leo, utadhani imeandikwa juzi.

Katika hadithi hiyo watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja peke yake katika chumba kidogo chenye umbo la tundu la sega la nyuki. Akitaka chakula, maji ya kuoga, muziki au daktari, anabonyeza kitufe na Mashine inamletea. Akitaka kuzungumza na mwenzake, sura inatokea kwenye bamba la mviringo. Bibi mmoja, Vashti, anafahamiana na maelfu ya watu kwa njia hiyo, lakini hatembelei mtu wala hatembelewi. Kugusana kumekuwa jambo la aibu.

Mwanawe, Kuno, anaishi upande wa pili wa dunia. Siku moja anamwomba mama yake aje waonane ana kwa ana. Mama anashangaa, kwani si wanaonana tayari? Kwa kijana, picha ile haitoshi. Anamtaka mama mwenyewe.

Baadaye Mashine inaanza kuharibika. Muziki unakwaruza, maji ya kuoga yananuka, vitanda havitokei. Watu wanalalamika, kisha wanazoea. Hakuna anayeweza kuitengeneza, kwa sababu hakuna aliyebaki anayeielewa nzima. Inapozimika kabisa, umati unakufa gizani. Mama na mwana wanakutana na kukumbatiana wakati tayari wamechelewa.

Mwandishi Mmarekani Ray Bradbury naye aligusa jambo hilo mwaka 1951 katika "The Pedestrian". Humo, mwaka 2053, mtu anakamatwa na gari la polisi lisilo na dereva kwa sababu anatembea kwa miguu usiku bila shughuli. Majirani zake wote wamejifungia ndani na televisheni zao.

Hizo ni hadithi za kubuni, lakini mashine za kweli nazo husimama. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kwa takribani saa sita. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za kanda.

Kwa mfanyabiashara wa Busia, Namanga au Rusumo, saa kama hizo ni hasara. Bei anaulizia kwa simu, picha ya mzigo anapokea kwa simu, malipo anatuma kwa simu. Faida yake haina ubishi: hasafiri na burungutu la noti, wala hapotezi siku mbili barabarani kwa ajili ya kuuliza bei ya maharage.

Hatari inaanza pale ambapo simu inakuwa ndiyo ujirani wenyewe. Mtandao ukikata, anayefahamiana na mwenye ghala ng'ambo ya mpaka, aliyewahi kunywa naye chai na kumzika ndugu yake, atapewa mzigo kwa mali kauli na kulipa kesho. Anayemjua kwa namba na picha tu atasubiri mtandao urudi. Bidhaa ikiwa nyanya, kusubiri huko kunaoza.

Hata Kuno alimwita mama yake kwa kutumia Mashine hiyo hiyo. Alichokataa ni kuiacha ichukue nafasi ya mtu. Kwa mfanyabiashara, kinga yake haina gharama kubwa: namba muhimu ziandikwe pia daftarini, na walau mara moja kwa msimu avuke mpaka, si kuchukua mzigo, bali kumsalimia anayemuuzia.