Dawa Ile Ile, Ng'ombe Yule Yule, Mbona Haponi?

Katika mazungumzo yetu ya leo tutatazama jambo linalowasumbua wafugaji wengi: dawa iliyokuwa ikiponya zamani, lakini siku hizi haiponyi.

Pengine limekwisha kukufika. Ng'ombe wako amevimba kiwele, maziwa yanatoka na mabonge. Unanunua dawa ile ile uliyomtibu nayo mwaka juzi. Siku ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu, na hali ni ile ile. Hapo wengine husema dawa ya siku hizi ni maji matupu. Ni kweli kwamba dawa bandia zipo, na dawa iliyoanikwa juani au iliyopitwa na muda wake huharibika. Lakini mara nyingine dawa ni nzima kabisa. Kilichobadilika si dawa, wala si ng'ombe. Vilivyobadilika ni vidudu. Vimekuwa sugu.

Vidudu vyenyewe ni vipi?

Vidudu tunavyozungumzia leo vinaitwa bakteria. Ni vidogo mno hata huwezi kuviona kwa macho. Si vyote vibaya. Vipo vinavyogandisha maziwa yakawa mtindi, na vipo vinavyoozesha majani yakawa mboji. Lakini vingine huleta magonjwa: ugonjwa wa kiwele, kimeta, chambavu, na kwa binadamu homa ya matumbo na kifua kikuu.

Dawa za kuviua zinaitwa antibiotiki. Penisilini ni mojawapo. Oksitetrasaiklini, ile tuliyozoea kuiita OTC, ni nyingine. Na hapa kuna jambo kubwa la kukumbuka: dawa ya ng'ombe na dawa ya mtoto wako mara nyingi ni za ukoo mmoja. Vidudu vikiishinda dawa bandani, dawa hiyo inaweza kushindwa hospitalini pia.

Nguvu ya vidudu hivi ni kuzaana upesi. Kimoja hujigawa kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Vipo ambavyo vikipata joto na chakula hujigawa kila baada ya dakika 20. Fanya hesabu. Kidudu kimoja kikiingia katika maziwa yenye joto saa 2 usiku, na kikaendelea hivyo bila kuzuiwa, ikifika saa 12 asubuhi vitakuwa zaidi ya milioni 1,000.

Dawa haivifundishi vidudu, inavichagua

Sasa je, usugu unatoka wapi? Watu wengi hudhani mwili wa mnyama ndio unaoizoea dawa. La, sivyo. Wengine hudhani vidudu vinajifunza dawa kama mtoto anavyojifunza kusoma. Hiyo nayo sivyo.

Wewe mkulima unalifahamu jambo hili kuliko wengi, kwa sababu unachagua mbegu. Wakati wa kuvuna mtama unatazama masuke. Mwaka wa ukame mimea mingi imekauka, lakini michache imesimama na kuzaa. Unachukua mbegu ya ile iliyosimama. Mwaka wa pili unapanda hiyo, na mwaka wa tatu vile vile. Baada ya miaka kadhaa shamba lako lote ni la mtama unaovumilia ukame. Jua halikuufundisha mtama kuvumilia. Jua liliua usioweza, nao unaoweza ukabaki kuzaa.

Dawa hufanya kazi hiyo hiyo kwa vidudu. Vidudu vinapojigawa mara nyingi hivyo, hapa na pale hutokea kimoja chenye tofauti kidogo na wenzake. Kati ya mamilioni, huenda kimoja au viwili vina tofauti inayovisaidia kuivumilia dawa. Kabla ya dawa kuja, hivyo viwili si kitu. Dawa ikija, wenzao wanakufa. Nafasi yote na chakula chote vinabaki kwa hivyo viwili, navyo vinaanza kuzaana kila dakika 20.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kila unapotumia dawa unachagua mbegu. Ukiitumia sawasawa, dawa hupunguza vidudu upesi, na kinga ya mwili wa mnyama humalizia vilivyobaki. Ukiitumia ovyo, unakuwa bwana shamba wa vidudu: unavichagulia mbegu iliyo ngumu kuliko zote.

Alexander Fleming, mtu aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliyaona haya mapema. Mwezi Desemba 1945, katika hotuba yake ya kupokea tuzo ya Nobel, alionya kwamba mtu akitumia penisilini kidogo kuliko kipimo, hataviua vidudu bali atavifanya sugu.

Silaha za vidudu sugu

Vidudu hujikinga kwa njia mbalimbali. Tutaje nne.

Kwanza, vipo vinavyotoa kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafanya kazi. Watafiti wa Oxford, Uingereza, walieleza habari za kimeng'enya kinachoharibu penisilini mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijaanza kutumiwa na wagonjwa wengi. Maana yake ni kwamba mbegu ya usugu ilikuwapo tangu zamani, ikingoja kuchaguliwa.

Pili, vipo vyenye pampu. Dawa ikiingia ndani, pampu inaitoa nje, kama mtu anayekumba maji kutoka katika mtumbwi unaovuja. Vidudu vingi huishinda OTC kwa njia hii.

Tatu, vipo vinavyobadilisha mahali dawa inaposhika. Ni kama kubadilisha kitasa: ufunguo ni ule ule, lakini mlango haufunguki.

Nne, na hii ndiyo ya hatari zaidi, vidudu hupeana usugu. Mkulima humpa jirani yake pingili za muhogo akapande. Vidudu navyo hupeana vipande vidogo vyenye maelezo ya jinsi ya kuishinda dawa, hata kama ni vya aina mbalimbali. Huko Japani, katika miaka ya 1950, madaktari walikuta wagonjwa wa kuhara damu ambao vidudu vyao vilishinda dawa nne kwa pamoja. Mwaka 1959 watafiti wa nchi hiyo walionyesha kwamba usugu wa dawa zote hizo ulikuwa ukipitishwa kwa mkupuo mmoja kutoka kidudu kimoja hadi kingine. Kwa hiyo usugu unaozaliwa tumboni mwa kuku wako unaweza kuhamia kwa vidudu vilivyo tumboni mwako.

Wala si habari ya nchi za mbali tu. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu vidudu vilivyowapata vilikuwa vimeshinda dawa. Na sehemu zilizoumia zaidi zilikuwa za Afrika kusini ya Sahara.

Makosa yanayotuponza

Kosa la kwanza ni kutumia dawa kwa ugonjwa usio wake. Kuku wakianza kufa kwa mdondo, ambao wengine huuita kideri, watu hukimbilia unga wa antibiotiki na kuutia katika maji. Mdondo hauletwi na bakteria, unaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi hata kidogo. Kuku wanakufa, fedha imekwenda, na bakteria waliomo matumboni mwa waliosalia wamechaguliwa mbegu. Kinga ya mdondo ni chanjo ya mapema, basi.

Hali kadhalika kwa ng'ombe. Ndigana baridi huletwa na bakteria, na OTC huiponya. Ndigana kali huletwa na viini vya aina nyingine viletwavyo na kupe, na ikisha mshika mnyama OTC haimponyi. Ina dawa yake. Majina yanafanana, tiba zinatofautiana. Ndiyo maana tunasema mwite bwana mifugo kwanza, sindano baadaye.

Kosa la pili ni kupunja kipimo. Chupa nyingi za OTC ya asilimia 20 zimeandikwa mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 basi anahitaji mililita 25. Mfugaji akimtazama tu kwa macho, au akitaka chupa itoshe ng'ombe watatu, akampa mililita 10, amempa chini ya nusu. Hapo ameokoa shilingi chache, akazalisha vidudu sugu. Mpime mnyama kwa utepe wa kupimia uzito, ule unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele.

Kosa la tatu ni kuacha dawa kabla ya siku alizoagiza mtaalamu, au kuendelea nayo kuliko alivyosema. Yote mawili hayafai. Dawa inayobaki mwilini bila kazi ya kufanya inaendelea kuchagua.

Kosa la nne ni kuchanganya dawa katika chakula cha kuku wazima ili wakue upesi. Uswidi ilipiga marufuku jambo hili mwaka 1986, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zikalikomesha mwanzoni mwa mwaka 2006. Kuku mzima anahitaji banda kavu, maji safi na chakula cha kutosha.

Kosa la tano ni kuuza au kunywa maziwa ya ng'ombe aliye katika dawa. Kuyachemsha hakuondoi dawa yote. Na utajionea mwenyewe: ukiyagandisha, mara nyingi mtindi haushiki vizuri, kwa sababu dawa iliyomo inaua vidudu vyema vya mtindi. Basi, kama inaviua hivyo, fikiri inafanya nini tumboni mwa mtoto anayekunywa kidogo kidogo kila siku. Ngoja siku zilizoandikwa kwenye chupa ndipo uuze.

Na dawa za kusafishia, je?

Msomaji mwingine atauliza: vidudu vinaweza kuzoea hata dawa za kusafishia vyombo na banda? Jibu ni kwamba vinaweza kuzivumilia, lakini kwa namna mbalimbali.

Dawa ya klorini huviunguza vidudu mahali pengi kwa mara moja, kwa hiyo ni vigumu vidudu kuishinda kabisa. Lakini vina ujanja: hujificha. Ndoo ya maziwa isiyosuguliwa vizuri hujenga utando mwembamba unaoteleza. Vidudu vilivyo chini ya utando huo vimefunikwa kama mbegu chini ya udongo. Zaidi ya hayo, mabaki ya maziwa na kinyesi huimaliza klorini kabla haijavifikia. Kumwaga dawa juu ya uchafu ni kuitupa.

Zipo pia sabuni zinazosifiwa kwa sababu zimetiwa dawa ya kuua vidudu. Mojawapo ya dawa hizo ni triklosani. Ilionekana kwamba vidudu vinaweza kuishinda, na pampu inayotoa triklosani inaweza kutoa na baadhi ya antibiotiki pia. Mwaka 2016 serikali ya Marekani iliamua kuondoa madukani sabuni za kunawia zenye triklosani na dawa nyingine 18. Sababu yake ni kwamba watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kuwa zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni ya kawaida haina haja ya kuviua vidudu vyote; inavibandua na maji yanavichukua.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu kwa vyombo vya maziwa: suuza kwa maji mara tu baada ya kazi, sugua kwa sabuni na maji ya moto, suuza tena, ndipo utumie dawa kwa kipimo kilichoandikwa, kisha anika juani vikiwa vimeinamishwa. Klorini ichanganye siku ile ile ya kutumia, kwa maana ikikaa nguvu hupotea. Wala usiichanganye na dawa nyingine za kusafishia. Hutoa hewa ya sumu.

Tufanye nini basi?

Dawa iliyo bora ni ile usiyolazimika kuitumia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawa mikono kabla ya kukamua. Osha kiwele na kukausha kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na chake. Kamua michirizi ya kwanza katika kikombe cheusi upate kuona mabonge mapema. Mwenye ugonjwa mkamue mwisho. Chovya chuchu katika dawa yake baada ya kukamua. Chanja kwa wakati. Samadi iozeshe vizuri kabla ya kuipeleka bustanini.

Na ng'ombe akiugua hata hivyo, usione haya kumwuliza bwana mifugo: huu ni ugonjwa gani, dawa gani, kiasi gani, siku ngapi, na maziwa nianze kuuza lini? Andika majibu katika daftari, pamoja na tarehe. Kama dawa haikuponya, usiongeze nyingine kwa kubahatisha. Mwambie, achukue maziwa yakapimwe maabara, ijulikane ni dawa ipi bado ina nguvu.

Dawa hizi ni kama kisima cha kijiji. Kila mtu anateka, na mmoja akichafua, wote wanakunywa uchafu. Tukizitunza, zitamponya ng'ombe wako, na siku mwanao atakapougua zitamponya na yeye.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayeamua mnyama apewe dawa gani na kiasi gani?
2. Ng'ombe akiwa katika dawa, maziwa yake tunayafanya nini?
3. Mwaka huu kuku wetu wangapi wamechanjwa mdondo, na wangapi wamepewa antibiotiki bure?