Moodle na mwalimu wa lugha: inasaidia wapi, inaishia wapi?

Wadau, mimi nasomea ualimu wa lugha hapa Tabora na ubishi huu kwetu hauishi. Wengine wanataka kazi zote zihamie mtandaoni, wengine wanasema ni kumaliza bando tu.

Moodle ni programu huria iliyotoka 2002. Mhadhiri anaweka notsi, mazoezi na siku ya mwisho. Wewe unapakua, unajibu, unatuma. Maswali ya sarufi ya kuchagua jibu inayasahihisha papo hapo. Hapo naikubali.

Lakini jamani, lugha ni mdomo. Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi kwenye misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji walikipata Kiswahili kwa kuongea na watu njiani. Maswali ya kubofya hayakusikii ukichanganya r na l, ila wanafunzi watakusikia siku ya mazoezi ya kufundisha.

Ushauri wangu: ukiwa kafe, pakua notsi zote kwa mkupuo, ukasome nyumbani bila bando. Tuma kazi siku moja kabla, mtandao usije ukakuangusha. Halafu jioni kaeni watatu watatu, mmoja afundishe, wengine wamkosoe.

Nyie mnasemaje?