Injini iliyolala miaka mingi: Izungushe kwa mkono kabla ya kugusa ufunguo

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea

MSIMU wa korosho unapofunguliwa na fedha kuanza kuingia mikononi mwa wakulima, ndipo baadhi ya wenye magari ya zamani katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hukumbuka mali zao zilizolala uani kwa miaka mingi.

Huenda ni Land Rover 109 iliyoachwa na marehemu baba, au lori la Bedford lililokuwa likibeba magunia kwenda ghalani. Mwenye mali husimama mbele yake akiwa na njia mbili: kumwita fundi, au kumwita mnunuzi wa chuma chakavu.

Uamuzi huo mara nyingi hutegemea neno moja tu, yaani iwapo injini "imekamata". Likitamkwa na mtu ambaye hata spana hajashika, gari huuzwa kwa kilo. Likipuuzwa na mwenye haraka, gari hufungwa kamba na kuvutwa na trekta ili liwake, na injini iliyokuwa na uhai huvunjika siku hiyo hiyo.

Nachingwea si mgeni wa mitambo iliyosimama. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulileta matrekta mengi, yakiwamo yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyotumika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mitambo mingi ya mpango huo ilisimama kwa uchakavu na kukosa vipuri, na mwaka 1951 mpango wenyewe ukaachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Funzo lake ni kwamba mtambo uliosimama si lazima uwe umekufa, ila unahitaji kupimwa na mtu mwenye subira.

Kukamata ni nini?

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka katika silinda, huku ringi zake zikigusa ukuta wa silinda. Kinachozuia vyuma hivyo kushikana ni utando mwembamba wa oili.

Gari likisimama muda mrefu, utando huo huchuruzika. Injini inapozimika, baadhi ya valvu hubaki wazi, na hewa yenye unyevu hupita humo hadi ndani ya silinda. Katika wilaya hizi, ambako mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, gari lililoegeshwa chini ya mwembe bila boneti hupata unyevu wa kutosha kuota kutu. Kutu hiyo ndiyo inayoziunganisha ringi na silinda.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza si la spana bali la historia: je, gari liliegeshwa likiwa zima, au lilizimikia njiani? Kama liliegeshwa zima, huenda tatizo ni kutu, na kutu hulegezwa. Kama lilizimika lenyewe kwa kukosa oili au maji, huenda beringi au pistoni ziliungua na kushikana, na hapo injini haina budi kufunguliwa.

Hatua za kufuata

Ondoa waya za betri ili mtu asijaribu kuwasha. Weka mawe kwenye matairi, kisha weka gia huru.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya maziwa ni dalili kwamba imechanganyika na maji. Legeza taratibu nati ya kumwagia oili iliyo chini ya injini. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, yakiwamo yatatangulia kutoka. Kagua pia njia ya hewa, kwani panya na nyigu hupenda kujenga humo.

Safisha vumbi kuzunguka plagi, kisha zitoe zote na kuzipanga kwa namba za silinda zake. Plagi yenye kutu huonyesha silinda iliyoingiwa na unyevu. Kwa injini ya dizeli, nozeli ndizo hutolewa. Hatua hii hairukwi, kwa sababu mgandamizo wa dizeli ni mkubwa kiasi kwamba injini nzima huweza kudhaniwa imekamata. Aidha, silinda ikiwa na maji, kuizungusha kwa nguvu kabla hayajapata pa kutokea kunaweza kupinda konrodi.

Mimina vijiko viwili au vitatu vya oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa katika kila silinda, mbali na moto wowote, kisha uache hadi kesho yake.

Sasa zungusha kwa mkono. Land Rover za zamani zina tundu la hendeli mbele. Kwa magari mengine, tumia spana kwenye nati ya puli ya krenki. Land Rover huzungushwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, ukiwa umesimama mbele ya gari ukilitazama. Tumia nguvu ya mkono tu. Usiongeze bomba refu kwenye spana.

Namna ya kusoma majibu

Injini ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga, haijakamata. Mizunguko miwili ni ya lazima kwa sababu katika injini ya aina hii kila valvu hufunguka na kufunga mara moja katika mizunguko hiyo.

Ikizunguka kidogo na kugota daima mahali pale pale, usilazimishe. Huenda kuna kutu katika silinda moja, au valvu imeganda. Fungua kifuniko cha juu uone kama kila valvu inashuka na kurudi.

Ikikataa kabisa, bado hukumu haijatoka. Pinioni ya starta huenda imenasa kwenye meno ya flaiwili, legeza starta. Dinamo au pampu ya maji huenda imeganda. Toa mkanda wa feni ujaribu tena. Hakikisha pia gia ni huru kweli, maana klachi huweza kuganda na kuiunganisha injini na magurudumu.

Baada ya kuondoa mashaka hayo yote, ongeza mafuta katika silinda na usubiri hata wiki moja, ukijaribu kidogo kila siku, mbele na nyuma. Injini ikigoma hata hapo, fungua silinda hedi. Hata silinda yenye kutu huweza kuchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, alimradi bloku halijapasuka.

Kuzunguka si kupona

Injini iliyozunguka isiwashwe papo hapo. Badilisha oili na filta, safisha tangi la mafuta, weka maji mapya kwenye rejeta. Kisha, plagi zikiwa bado nje na matundu yamefunikwa kitambaa, piga starta kwa vipindi vifupi hadi kipimo kionyeshe kwamba oili imepanda.

Kazi yote hii inaweza kuchukua siku chache, na gharama yake ni mafuta kidogo na subira. Ni vyema basi mwenye gari asikubali bei ya chuma chakavu kabla ya kuiona krenki, kwa macho yake, ikikataa kuzunguka.