Mzigo Uko Baharini, Pesa Imeshatumwa: Sheria Inasema Nini?

Viatu vilifika Nairobi vikiwa vimeota ukungu. Jozi arobaini, zilizoagizwa kutoka Guangzhou, Uchina, na wanafunzi wanne wa shahada ya biashara waliochanga KSh 80,000. Sehemu ya pesa hiyo ilikuwa karo ya mmoja wao. Walikuwa wameituma kwa simu wiki kadhaa nyuma, kwa ajenti wa hapa jijini anayewalipia wateja wake kule Uchina. Walipomwandikia muuzaji wakitaka kurudishiwa pesa, aliwajibu kwa picha ya ankara yao wenyewe, maneno mawili yakiwa yamezungushiwa duara: FOB Guangzhou.

Mmoja wao ni mteja wetu. Alituambia kwamba hadi siku hiyo alidhani FOB ni jina la kampuni ya meli. Muhula uliofuata, kwenye somo la sheria ya biashara ya kimataifa, mhadhiri aliandika herufi hizo hizo ubaoni. Hapo ndipo alipoelewa, lakini pesa ilikuwa imeshaenda.

Kila siku watu wengi wanaagiza bidhaa kutoka nje na kulipia kwa simu, na si wote watapata nafasi ya kukaa kwenye darasa hilo. Kwa hivyo leo tunakuletea yale ambayo mwanafunzi huyo anasema angetaka kuyajua mapema.

Kwani mwanafunzi wa biashara anasomea sheria ya nini?

Makomredi wengi huliogopa somo hili. Wanaona mikataba ya Vienna na New York na kujiuliza inamhusu vipi mtu anayetaka kufungua duka. Ukweli ni kwamba somo hili halikufanyi wakili. Linakufundisha kusoma karatasi kabla ya kulipa, na kujua ni swali gani umuulize muuzaji, ajenti au wakili mwenyewe.

Jina la somo hubadilika kutoka chuo hadi chuo, lakini maswali makuu ni yale yale: mkataba unasema nini, mzigo ni jukumu la nani ukiwa njiani, malipo yanafanyika lini, na mkikosana mtaamuliwa wapi na kwa sheria ya nchi gani.

Herufi tatu zinazobeba mzigo

FOB ni moja kati ya kanuni 11 zinazoitwa Incoterms. Hutungwa na Shirika la Kimataifa la Wafanyabiashara lenye makao yake Paris. Zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo la sasa lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Kazi yake ni kugawa majukumu: nani analipa nauli, nani anakata bima, nani anashughulikia ushuru, na muhimu kuliko yote, hasara inahama lini kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi.

Kwa FOB, hasara inahama pindi mzigo unapopakiwa melini kwenye bandari ya huko utokako. Kuanzia hapo, maji yakiingia kwenye kontena, hasara ni yako. Nauli ni yako, na bima ni juu yako kuikata. Wale wanafunzi wanne hawakukata bima yoyote.

Wengi hukimbilia CIF wakidhani iko salama zaidi. Kwa CIF muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari ya huku, tuseme Mombasa. Lakini hasara inahama pale pale inapohama kwa FOB, yaani mzigo ukishapakiwa kule. Tofauti ni kwamba ukiharibika baharini, utakuwa na bima ya kudai. Na hata hiyo bima, ni ya kiwango cha chini isipokuwa mkubaliane vingine. Kwa hivyo uliza inashughulikia nini.

DDP ndiyo inayomlemea muuzaji kuliko zote: anakuletea mzigo hadi mahali mlipokubaliana, ushuru ukiwa umelipwa. Bei yake nayo huwa ya juu, na si kila muuzaji atakubali.

Lakini FOB haimpi muuzaji ruhusa ya kukutumia takataka. Ukiagiza saizi 40 ukaletewa 36, hilo ni kosa lake hata kama meli ilisafiri salama. Vivyo hivyo ikiwa viatu vilikuwa vimelowa kabla ya kupakiwa. Shida ni kuthibitisha. Wanafunzi wetu hawakuwa na hata picha moja ya mzigo ukiwa kule ghalani.

Sheria ya nchi gani?

Ukinunua kiatu Gikomba, wewe na muuzaji mko chini ya sheria ya Kenya. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa zinazouzwa kwa maelezo zilingane na maelezo hayo. Ukinunua Guangzhou, mambo yanabadilika.

Kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980. Uchina imo. Majirani zetu Uganda wamo pia. Kenya haimo. Na hata kwa nchi zilizomo, kwa kawaida mkataba huo hauhusu bidhaa mtu anazonunua kwa matumizi yake mwenyewe au ya nyumbani. Kwa hivyo usikae ukidhani kuna sheria moja ya dunia nzima itakayokutetea. Kama makubaliano yenu hayasemi ni sheria ya nchi gani itatumika, hilo lenyewe linakuwa ugomvi wa kwanza kabla hata ya kufika kwenye viatu.

Halafu kuna swali la uamuzi. Tuseme umeshinda kesi mahakama ya Nairobi. Muuzaji yuko Guangzhou na mali yake iko huko. Hukumu yako itamfikia vipi? Hii ndiyo sababu kampuni kubwa huandika kwenye mikataba yao kwamba ugomvi utapelekwa kwa msuluhishi, mtu anayekubaliwa na pande zote mbili na ambaye uamuzi wake unawafunga. Chini ya Mkataba wa New York wa 1958, uamuzi kama huo unaweza kutekelezwa katika nchi nyingine mwanachama. Uchina ilijiunga mwaka 1987, Kenya mwaka 1989. Nairobi tuna kituo chetu cha usuluhishi wa kimataifa, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Sasa tuseme ukweli. Kwa mzigo wa KSh 80,000, gharama ya kumfuata mtu hadi Uchina inaweza kumeza pesa yenyewe unayodai. Biashara ndogo hulindwa zaidi na yale mnayokubaliana kabla ya malipo kuliko na kesi ya baadaye.

Pesa yako ilienda kwa nani?

Hapa ndipo simu yako inapoingia. Wale wanafunzi hawakumtumia Mchina pesa. Walimtumia ajenti wa Nairobi, naye akawaambia yeye ni wa kupitisha tu. Pengine ni kweli. Lakini ajenti aliyepokea pesa na kuahidi kukagua mzigo, kuukatia bima au kuusafirisha, halafu asifanye hivyo, yuko hapa hapa Kenya. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Swali litakuwa: aliahidi nini, na ahadi hiyo imeandikwa wapi?

Kwa hivyo ujumbe wa muamala usiufute. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali rekodi za kielektroniki, mradi masharti yake yafuatwe. Lakini ujumbe wetu unaonyesha tu kiasi, tarehe na aliyepokea. Hauonyeshi ulikuwa unalipia nini. Hilo ni lazima liwe kwenye ankara au mazungumzo yenu, na jina la aliyepokea pesa lilingane na jina lililo kwenye ankara. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu mwingine "kwa sababu till ina shida leo", simama kwanza.

Jambo lingine: kurudisha pesa uliyotuma kimakosa kwa namba isiyo sahihi si sawa na kurudisha malipo ya bidhaa mbovu. La kwanza unaweza kutuomba mara moja tulishughulikie. La pili ni suala la mkataba kati yako na aliyekuuzia, na hatuwezi kuliamua kwa niaba yenu.

Kabla ya kuweka PIN

Jiulize maswali haya:

1. Bei hii ni ya FOB, CIF au DDP, na imetaja bandari au mahali gani? Kumbuka bei ya FOB haina nauli, bima wala ushuru ndani yake.

2. Nani anakata bima, na stakabadhi yake iko wapi?

3. Nalipa yote sasa, au kwa awamu? Wauzaji wengi wa Uchina wamezoea asilimia 30 mwanzo na 70 mzigo ukiwa tayari. Kabla ya awamu ya pili, dai picha na video za mzigo, au mtu wa kuukagua.

4. Tukikosana, ni sheria ya nchi gani, na nani ataamua?

5. Ninayemtumia pesa ndiye aliye kwenye ankara? Kama ni ajenti, ahadi yake imeandikwa?

Na kama wewe ni mwanafunzi unayejiandaa kwa somo hili, usikariri tu. Chukua ankara halisi ya shangazi au jirani anayeagiza mizigo, uisome naye mstari kwa mstari. Sheria za Kenya zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Wale wanne walisafisha jozi zilizoweza kusafishika na kuziuza kwa bei ya kutupa. Karo ililipwa kwa kuchelewa. Mwaka huu wameagiza tena, jozi ishirini tu, kwa awamu mbili, bima ikiwa imekatwa. Kabla ya awamu ya pili waliomba video ya kila katoni ikiwa wazi. Muuzaji alinung'unika, lakini aliituma.

Kama kawaida: PIN yako ni siri yako. Usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.